Dege la Watoto na Sindano Iliyosingiziwa



Yuko ndege mmoja katika pwani yetu ambaye kila mtu amemsikia na hakuna aliyepata kumshika. Husemwa kwamba huruka usiku juu ya mapaa, na kivuli chake kikimpitia mtoto mdogo aliyelala, mtoto hukakamaa ghafula, macho yakapanda juu hata yakabaki meupe, vidole vikajikunja kama kucha, na mate yakamtoka kinywani. Wazee wetu waliuita ugonjwa huo dege, wengine degedege. Jirani zetu Wamijikenda huuita nyuni, na nyuni katika Kiswahili cha kale maana yake ni ndege vile vile.

Sisi tulizaliwa tukalikuta jina hilo nyumbani. Nguo za mtoto mchanga hazikuachwa kambani baada ya Magharibi, na mtoto hakulazwa uani jua likizama. Hatukuuliza kwa nini. Tulikuja kuuliza mwaka mmoja wa mvua nyingi, siku ndege huyo alipoingia nyumbani mwetu. Yaliyotokea ndiyo tunayotaka kuwasimulia, kwa idhini ya mama wa mtoto na ya bibi yetu, ambaye alituambia, "Andikeni. Pengine mwana wa mtu atapona."

Ulikuwa mwezi wa Mei, masika yamekolea. Nyumba yetu iko upande wa kusini wa pwani, katika mtaa ambao maji ya mvua hutuama nyuma ya nyumba kwa majuma. Mtoto, binti wa mdogo wetu, alikuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu. Tangu Adhuhuri mwili wake ulikuwa wa moto. Tulimpa dawa ya homa, tukampunguzia nguo, akalala. Baada ya Isha kidogo mama yake aliita kwa sauti ambayo hatukuwa tumepata kuisikia kutoka kwake. Tulipoingia tulimkuta amempakata mtoto, na mtoto anatikisika mwili mzima, macho wazi na haoni.

Bibi yetu, ambaye umri wake umepita miaka 80, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema. "Ni dege," alisema. "Leteni kaniki. Leteni chetezo." Alimfunika mtoto kwa kaniki, akatia makaa, akatia ubani, na juu ya ubani akatia mavi makavu ya ndovu ambayo ameyahifadhi katika mkebe tangu hatujui lini. Chumba kikajaa moshi. Kisha akasema neno jingine, na neno hilo ndilo lililotugawa: "Asipelekwe hospitali mpaka dege limwachie. Mtoto mwenye dege akipigwa sindano hufa."

Tuseme kweli: hatukuwa mashujaa usiku ule. Baadhi yetu tumesoma, na mmoja wetu ni mwalimu wa shule. Lakini neno la bibi katika nyumba yetu halivukwi kirahisi, na kila mmoja wetu alimjua mtu aliyemjua mtoto aliyekufa baada ya sindano. Tulisimama mlangoni, huyu akimtazama huyu. Mama wa mtoto alitaka kutoka, akarudi, akataka kutoka tena.

Baada ya muda mtikisiko ulikoma. Mtoto akalegea, akapumua kwa nguvu, akalala. Bibi akasema, "Alhamdulillah, limeondoka," nasi tukashusha pumzi. Laiti mambo yangalikwisha pale, nasi leo tungekuwa tunawasifia mafusho. Lakini haikupita nusu saa mtoto akashikwa tena, na safari hii lilipokoma hakuzinduka. Tulimwita jina, tukamfinya kidole cha mguu, hakulia.

Wakati huo mjomba wetu akaingia, ametoka msikitini. Mjomba husomesha madrasa, na watu wa mtaa humwendea wasomewe. Bibi alifurahi kumwona, maana alijua mwanawe atakuwa upande wake. Mjomba alipiga magoti, akaweka mkono juu ya kichwa cha mtoto, akaanza kusoma. Alipomaliza Fatiha aliuacha mkono pale pale juu ya paji la uso, akauliza, "Homa hii ni tangu lini?"

"Tangu Adhuhuri," tulisema.

"Na mnangoja nini?"

Bibi akamweleza habari ya sindano. Mjomba alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akasema kwa upole, "Mama, kisomo hakizuiwi na mwendo wa gari. Nitamsomea njiani." Akatugeukia: "Kamwiteni mwenye tuktuk."

Bibi hakujibu. Aligeukia ukutani, akashika tasbihi yake. Tuliondoka bila ya radhi yake, na hilo lilituuma njia nzima, huku mjomba akisoma Ayatul Kursi na maji ya mvua yakiturukia miguuni.

Hospitalini hawakutuuliza habari za ndege. Muuguzi alimchoma mtoto kidole, akapima malaria, akapima na sukari ya damu. Malaria ilikuwamo, tena kali. Sukari ilikuwa imeshuka mno, jambo ambalo malaria kali huwafanyia watoto na ambalo peke yake linaweza kuua. Alitiwa maji ya sukari kwa mshipa. Kisha ikaletwa sindano. Mama yake alifumba macho, nasi wengine tukaitazama kama mtu anavyomtazama nyoka aliyeingia chumbani. Ilikuwa dawa iitwayo artesuneti. Ya pili ilikuja baada ya saa 12, na ya tatu baada ya saa 24. Alfajiri ya siku ya tatu mtoto alifumbua macho, akamtazama mama yake, akataka kunyonya. Tulirudi naye nyumbani na vidonge vya kumalizia dawa. Bibi alimpokea mlangoni, akambusu kipajini, na hakusema neno juu ya sindano.

Baada ya hapo tulitaka kufahamu kilichotupata. Tuliuliza, tukasoma, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Dege si ugonjwa mmoja. Ubongo wa mtoto mdogo, hasa baina ya miezi 6 na miaka 5, ni mwepesi kushituka mwili unapopanda homa. Hata katika nchi za Ulaya na Marekani, ambako hakuna malaria wala mtu aliyesikia habari za ndege wetu, watoto 2 hadi 5 katika kila 100 hupatwa na dege la homa walau mara moja. Dege la namna hii hutisha kulitazama, lakini mara nyingi hukoma lenyewe katika dakika chache, na mtoto haachwi na dosari yoyote.

Liko dege jingine. Vijidudu vya malaria hukaa ndani ya chembe nyekundu za damu. Katika malaria ile iliyo mbaya kuliko zote, ambayo ndiyo iliyoenea Afrika, chembe hizo hunata katika kuta za mishipa myembamba ya ubongo, na damu ikapita kwa taabu. Mtoto hushikwa na dege, likarudi, kisha asizinduke. Mtoto huyo akiachwa anaweza kufa kwa siku moja au mbili. Homa ya uti wa mgongo nayo huanza kwa sura hiyo hiyo. Kwa macho matupu, mama aliye chumbani usiku hawezi kulitenga dege moja na jingine.

Hapo ndipo tulipofahamu jinsi mafusho yalivyopata sifa njema na sindano ikapata sifa mbaya. Dege jepesi, mtu akifukiza litakoma, na asipofukiza litakoma. Moshi ulikuwapo pale lilipokoma, ukapewa shukurani. Dege zito halikomi. Siku ya kwanza mtoto alifukizwa, siku ya pili akaitiwa mganga, siku ya tatu akapelekwa hospitali roho iko kooni. Akapigwa sindano, akafa. Sindano ilikuwapo pale alipokufa, ikapewa lawama. Wote walikuwa wakweli. Kila mmoja alisimulia alichokiona, na walichokiona ni tendo la mwisho lililotangulia mwisho.

Kilifi, ambako kituo cha utafiti wa maradhi haya kimekuwapo tangu mwaka 1989, watafiti waliozungumza na akina mama katika miaka ya 1990 walikuta jambo hili hili. Akina mama waliijua malaria vizuri, na dege walilijua vizuri. Lakini wengi hawakuviona kuwa ni kitu kimoja: homa ilikuwa ya dukani na hospitalini, na dege lilikuwa la mganga. Mtoto akavuka kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, na saa zikapita.

Sindano yenyewe nayo ina hadithi yake. Asili ya dawa ile ni mmea ambao Wachina wa kale waliutumia kutibu homa. Katika miaka ya 1970 mwanasayansi mmoja wa kike wa huko, Tu Youyou, akiyafuata maandishi ya tiba ya zamani, alifaulu na wenzake kuitoa dawa iliyomo ndani yake, na mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Mwaka 2010 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa watoto zaidi ya 5,400 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Kilifi ikiwa miongoni mwa vituo vyake. Vifo vya watoto waliopewa artesuneti vilikuwa pungufu kwa zaidi ya moja ya tano kuliko vya wale waliopewa kwinini. Tulipomweleza bibi kwamba sindano ile asili yake ni majani, aliuliza, "Yana harufu?" Tukamwambia yana harufu kali. Akasema, "Basi," kana kwamba jambo hilo ndilo lililokuwa likimsumbua.

Lakini halikuwa hilo.

Jioni moja, miezi kadhaa baadaye, tulikuwa barazani tukiyazungumza haya haya, habari ya siku ya kwanza na siku ya tatu. Bibi alikuwa akichambua mchele na tulidhani hasikilizi. Akauliza, "Mmesema siku ngapi?" Tukarudia. Akaweka ungo chini.

Alikuwa na kifungua mimba, mvulana, kabla ya nchi hii kupata uhuru. Sisi tulijua kwamba alipata kufiwa na mtoto, hatukujua zaidi. Mtoto alishikwa na dege wakati wa mvua. Siku ya kwanza alifukizwa. Siku ya pili aliletwa mganga. Siku ya tatu babu yetu alimbeba kwa baiskeli hadi zahanati, akapigwa sindano, na walipokuwa njiani kurudi akakata roho. Bibi alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Miaka yote hii naichukia sindano. Kumbe mchelewaji ni mimi."

Wasomaji wetu, hapo ndipo tulipoona uzito wa tulilolifanya. Tulidhani bibi ameshika hadithi ya sindano kwa kuwa hakusoma. Kumbe hadithi ile ilikuwa mto aliolalia mama aliyefiwa kwa miaka 60. Sindano ilipobeba lawama, yeye hakuibeba. Nasi tulikuwa tumemvuta mto ule chini ya kichwa na hatukumwekea mwingine. Hakuna hata mmoja wetu aliyepata la kusema. Mdogo wetu, mama wa mtoto, aliinuka tu akaenda kukaa chini miguuni pake.

Mjomba ndiye aliyesema, na tunayaandika maneno yake kwa kuwa yanaweza kumfaa mtu mwingine. Alimkumbusha mama yake kwamba Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi zaidi ya uwezo wake, na kwamba mtu huulizwa juu ya alilolijua. "Ulimfukiza kwa kuwa ulitaka aishi," alisema. "Marehemu baba alipita katika matope na baiskeli kwa kuwa alitaka aishi. Ajali yake ilikuwa imeandikwa, na mtoto mdogo huwangoja wazazi wake Peponi." Bibi alilia kwa kitambo. Kisha akaomba maji ya udhu.

Wako watakaotuuliza: je, mnakanusha majini? Hasha. Majini wametajwa katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu, na Muislamu huwaamini. Lakini kuamini kwamba majini wako si sawa na kuamini kwamba kila mtikisiko ni wao. Mwanachuoni Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, aliandika kwamba kifafa ni cha namna mbili: kimoja cha roho mbaya, na kingine cha maradhi ya mwili ambacho matabibu huzungumza sababu zake na dawa zake. Imepokewa pia na Bukhari na Muslim habari ya mwanamke mweusi aliyemwendea Mtume wetu (S.A.W.), akamweleza kwamba hushikwa na kifafa na mwili wake hufunuka, akaomba aombewe. Mtume alimpa hiari baina ya kusubiri apate Pepo na kuombewa apone. Akachagua kusubiri, akaomba tu asifunuke anaposhikwa, naye akaombewa hilo. Hakufukuzwa wala hakuonewa haya, akawa miongoni mwa waliotajwa kuwa ni watu wa Peponi. Na Mtume alipoulizwa juu ya kujitibu, aliwaagiza watu wajitibu, kwa kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee.

Ama ndege, tulishangaa kuona kwamba habari yake ni kongwe kuliko pwani yetu. Waarabu wa zama za ujahilia walitazama ndege kabla ya safari. Akiruka upande huu walikwenda, akiruka upande ule walirudi nyumbani. Neno la Kiarabu la kuamini mikosi, tiyara, limetokana na neno la ndege, kama sisi katika Kiswahili tunavyosema ndege njema na ndege mbaya. Waliamini pia ndege wa usiku aliyeitwa hama, wakasema ni roho ya mtu aliyeuawa. Mtume (S.A.W.) alizikanusha tiyara na hama pamoja. Basi anayesema kwamba mtoto hakushikwa na ndege haivunji dini. Anafuata mafunzo yake.

Tunaomba tuyaseme na haya machache, kwa kila nyumba yenye mtoto. Dege likimshika mtoto, mlazeni kwa ubavu mahali tambarare ili mate yatoke, mumlegezee nguo shingoni, na mwondoe vitu vigumu karibu naye. Msimtie kijiko, kidole, maji wala dawa kinywani. Msimkandamize kwa nguvu, msimtumbukize katika maji baridi, wala msimfukize, maana kifua chake wakati huo kinatafuta hewa. Tazameni saa. Likizidi dakika 5, au likirudi, au mtoto asipozinduka, au shingo ikikakamaa, ni hospitali saa ile ile, iwe usiku wa manane au mvua. Na hata likikoma upesi, apelekwe siku hiyo hiyo apimwe, kwa kuwa kwa macho hatuwezi kujua ni dege lipi. Someni mnapokwenda, Qur'ani haichelewi. Na kabla ya yote hayo, mtoto alale ndani ya chandarua, na maji yaliyotuama nyuma ya nyumba yafukiwe. Sisi tuliyafukia baada ya usiku ule, tukajua tulipaswa kuyafukia kabla.

Na kwa vijana wenzetu, mnapowaambia wazee kwamba jambo fulani si kweli, kwanza ulizeni limewafaa nini. Huenda lina kaburi dogo ndani yake.

Juzi, baada ya Magharibi, ilisikika kelele nyumba ya pili. Mtoto wa jirani ameshikwa. Bibi alitutangulia, na fimbo yake, na chetezo mkononi, maana chetezo hajakiacha wala hatukumwomba akiache. Tulipofika alikuwa amekiweka nje kizingitini, ubani unafuka taratibu, naye ameinama juu ya yule mama kijana anayelia.

"Mlaze kwa ubavu," alikuwa akimwambia. "Na tuktuk, mmeiita?"

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, awarehemu waliotangulia, na awape subira mama zao. Amin.